Wekundu wa Ramani na Kijani cha Machame

Katika ramani ya maumbile, ile inayoonesha milima na mabonde, ardhi kadiri inavyoshuka ndivyo inavyoelekea kwenye kijani, na kadiri inavyopanda ndivyo kahawia inavyokoza, mpaka kileleni ambako huachwa weupe. Desturi hiyo ilienea kutoka karakana za ramani za Ulaya katika karne ya 19, na kwa wenyewe haikuwa na kasoro kubwa: kwao mabonde ni malisho na milima ni mawe. Mtu akiichukua ramani hiyo mpaka Machame, magharibi ya mji wa Moshi, ataona rangi zimesimama kichwa chini miguu juu. Nyika iliyo chini, upande wa Boma Ng'ombe, imepewa rangi iliyo karibu zaidi na kijani, nayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni nchi ya vumbi na miiba. Mteremko uliopakwa kahawia ndiko uliko ukijani wenyewe: vihamba vya migomba na kahawa vilivyopakana kimoja baada ya kingine, na mifongo inayoteremsha maji ya mlima hadi shambani.

Ramani haisemi uongo kwa kufanya hivyo, maana haikuahidi kuonesha majani. Imeahidi kuonesha urefu. Lakini ni wasomaji wangapi huisoma ahadi hiyo, iliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni? Jicho huiona rangi kwanza na kuiamini. Jambo hilo lina uzito zaidi tukiiacha ramani ya maumbile na kuishika ile ya pili, ramani ya nchi na mipaka, ambayo kwayo Machame imepakwa na kupakuliwa rangi mara kadhaa bila mgomba hata mmoja kuhamishwa.

Rangi katika ramani ya nchi inaweza kufanya kazi mbili, na kazi hizo hazipatani. Ya kwanza ni kutenganisha majirani. Mwaka 1852 kijana mmoja wa Kiingereza, Francis Guthrie, alipokuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya kwao, aligundua kwamba rangi nne zinatosha ili wasiwepo majirani wawili wenye rangi moja. Baadaye alihamia Afrika ya Kusini, akasomesha hisabati huko na huko akafia mwaka 1899, bila ya kauli yake kuthibitishwa. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1976, kwa msaada wa kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Anayetaka kuona kwa nini tatu hazitoshi asiende mbali: Tanzania, Zambia, Malawi na Msumbiji kila moja inapakana na nyingine zote tatu. Mtoto mwenye penseli tatu atakwama hapo hapo, kandokando ya Ziwa Nyasa.

Kazi ya pili ni kuonesha mwenye mali. Hapa majirani hawatenganishwi, bali huunganishwa: nchi kumi zinazopakana zitapakwa wino mmoja ikiwa bwana wao ni mmoja. Ndiyo iliyokuwa kazi ya rangi katika ramani za madola, na ndiyo iliyoufikia Mlima Kilimanjaro katika miaka ya 1880.

Ajabu ni kwamba rangi ya kwanza ya namna hiyo kufika mlimani haikuwa ya wino, wala haikutoka Ulaya. Ilikuwa bendera nyekundu ya Zanzibar. Mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa majeshi yake, aende Uchagani kuchukua ahadi za utii kutoka kwa watawala wa huko. Mathews alizipata ahadi hizo. Haukupita muda akatokea Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Wadachi, naye akafanya mkataba wake na Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana zaidi pwani kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa mtu mwerevu, na pengine alihesabu kwamba wageni wawili wanaogombana wana faida kuliko mgeni mmoja aliyetulia. Hesabu hiyo ilimfaa kwa muda tu.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea London yakiwa yamepishana kwa miezi mitatu. Tarehe 24 Julai 1886 gazeti la The Graphic lilitoa ramani ya dunia iliyopambwa kwa picha za watu na wanyama wa kila bara, na ndani yake milki zote za Waingereza zikang'aa kwa wekundu. Si ramani ya kwanza kutumia rangi hiyo, lakini ni miongoni mwa zilizoifanya izoeleke machoni pa watu wa kawaida. Kisha tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kugawana Afrika ya Mashariki. Mstari ulianzia mdomo wa Mto Umba, ukaenda hadi Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchagani, ukazunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria. Taveta ikawa upande wa Waingereza. Moshi, Kibosho na Machame upande wa Wadachi. Barghash, aliyebakishiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi, aliridhia mwezi Desemba kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Wekundu wake ukashuka mlimani.

Iko hadithi inayopendwa na waongoza watalii, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka ukapinda. Mwaka 1886 mjukuu huyo alikuwa bado hajatawala; Kaisari alikuwa babu yake wa upande wa pili, Wilhelm I. Mpaka ulipinda kwa sababu ya mikataba na mabishano: Wadachi walitaka mlima ambao Jühlke alikwisha kuutilia saini, na Waingereza walitaka Mombasa. Hadithi ya zawadi ni tamu kwa sababu inaifanya biashara ionekane kuwa mapenzi.

Ni rangi gani basi iliyoipata Machame ya Wadachi? Hapakuwa na sheria ya mataifa juu ya jambo hilo. Kila mchapaji alichagua, na chaguo likigeuka mazoea, mazoea yakafanana na sheria. Joseph Conrad, katika riwaya yake ya Heart of Darkness iliyoanza kutoka mwaka 1899, anamsimamisha msimulizi wake mbele ya ramani ya Afrika katika ofisi ya kampuni: nyekundu ni nyingi, buluu ipo, kijani kidogo, njano katikati ambako ndiko anakopelekwa yeye, yaani Kongo, na kwenye pwani ya mashariki liko bakaa la zambarau, ndio Wadachi. Kwa ramani hiyo ya riwaya, wamisheni wa Leipzig waliofungua kituo Machame mwaka 1893 walikuwa wakihubiri ndani ya zambarau, na Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa tarehe 2 Machi 1900, alinyongwa ndani ya zambarau. Kwa watu wa visiwani neno hilo ni tunda kabla ya kuwa rangi, na doa lake kwenye kanzu halitoki. La kwenye ramani lilitoka katika muda usiotimia miaka thelathini na mitano.

Wekundu wa Waingereza nao una siri ya karakana. Wapo wanaouhusisha na koti jekundu la askari wao, na wapo wanaoutaja msalaba wa bendera yao. Lakini wekundu mkali ukipakwa juu ya nchi nzima huyameza majina ya miji na mito yaliyochapwa kwa wino mweusi. Mchapaji akaupunguza makali mpaka ukawa waridi. Hivyo himaya iliyosemwa kuwa nyekundu katika hotuba ilikuwa waridi katika atlasi, ili jina la Moshi lisomeke.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waridi hiyo iliuvuka mpaka wa 1886 na kuifunika Tanganyika. Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika zikawa bakaa moja kwa macho ya mwanafunzi. Kwa sheria zilikuwa vitu vinne mbalimbali. Kenya, kasoro ukanda wa pwani, ilikuwa koloni tangu 1920. Uganda na Zanzibar zilikuwa himaya. Ukanda wa Mwambao, pamoja na Mombasa, ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, jambo lililokuja kuzua mabishano makubwa mpaka mapatano ya Oktoba 1963. Na Tanganyika haikuwa mali ya Mwingereza kabisa: ilikuwa dhamana aliyokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, iliyothibitishwa mwaka 1922, na kuanzia 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wachapaji waangalifu waliongeza neno dogo la kueleza hayo chini ya jina la nchi. Rangi haikuongeza kitu.

Tofauti hiyo iliyofichwa na waridi ilikuja kuwa na thamani kubwa magharibi ya Machame, katika Mlima Meru. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Lau wangekuwa ng'ambo ya mpaka, koloni la Kenya, malalamiko yao yangeishia Nairobi na London. Lakini wao walikuwa watu wa eneo la udhamini, na mtu wa eneo la udhamini alikuwa na haki ya kuuandikia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi, alisimama New York na kuyaeleza mateso ya watu wake kwa mdomo wake. Hakurudishiwa ardhi kwa safari ile. Hata hivyo njia ilifunguka, na tarehe 7 Machi 1955 akaipita Julius Nyerere, naye akitegemea hoja ile ile: kwamba nchi hii si ya Mwingereza, ameiweka tu. Wazee waliolala usiku wakijadili barua za kupeleka Baraza la Udhamini walikuwa wakiisoma ramani kwa usahihi kuliko walioichapa.

Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, waridi iliondoka upande wa Machame lakini ikabaki upande wa Taveta hadi Kenya nayo ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kwa muda wa miaka miwili na siku tatu mstari wa 1886 ukarejea kuwa mpaka wa rangi, kama ulivyokuwa enzi za Wadachi. Zanzibar ilitoka katika himaya siku mbili kabla ya Kenya, na tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 Unguja na Pemba hupakwa rangi moja na bara. Rangi gani, ni hiari ya mchapaji, ambaye sasa amerudi kwenye hesabu ya Guthrie na anachotafuta ni kutofautisha majirani tu. Katika atlasi moja Machame ni njano, katika nyingine ni waridi, na katika nyingine, bila ya mtu kukusudia lolote, ni zambarau. Visiwa mara nyingi ni vidogo mno kuonesha rangi yoyote; hubaki mstari mwembamba mweusi, na jina limeandikwa baharini.