Barua Zenye Fedha

Mwaka jana safari ya kikazi ilinifikisha Dublin, mji mkuu wa Ireland, nikabaki na siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Mwenyeji wangu akanishauri niende EPIC, makumbusho ya watu wa nchi hiyo waliohamia ng'ambo. Yamo katika ghala la zamani karibu na Mto Liffey, lililojengwa mwaka 1820. Mlangoni unapewa kijitabu mfano wa pasipoti, unakigonga muhuri chumba kwa chumba. Aliyeyaanzisha, Neville Isdell, mkuu wa zamani wa Coca-Cola, alizaliwa Ireland ya Kaskazini na kukulia Zambia, jambo lililonifurahisha kidogo.

Nilitegemea kukuta habari za njaa, na zipo. Mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wa vijijini walitegemea viazi mviringo. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa uliovioza shambani, ukarudi tena na tena. Hadi 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wamepanda meli. Wakati huohuo nafaka na ng'ombe walikuwa wakipakiwa bandarini kwenda Uingereza, maana mkulima alilazimika kuuza ili amlipe mwenye ardhi kodi yake. Tusidanganyane kwamba ni viazi peke yake vilivyoua watu wale.

Lakini kilichonikaa moyoni ni habari za barua. Wengi walioondoka, hasa miaka ya baadaye, walikuwa wasichana ambao hawajaolewa. Huko New York na Boston walifanya kazi za ndani. Kwa kuwa walilala na kula kwa mwajiri, mshahara mdogo uliweza kuwekwa akiba. Kijijini, barua kutoka Marekani ilisomwa kwa sauti, majirani wamejaa ndani, na mara nyingi ilikuwa na fedha. Fedha hiyo ililipa kodi ya shamba na deni la dukani. Iliyobaki ilimkatia mdogo mtu tiketi ya meli. Biashara ya kutuma fedha ilikua kiasi kwamba mwaka 1850 Waayalandi wa New York walianzisha benki ya akiba kwa ajili ya wahamaji wenzao.

Mtazame Annie Moore, msichana wa miaka 17. Tarehe 1 Januari 1892 alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island, New York. Alitokea bandari ya Queenstown, ambayo leo inaitwa Cobh, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Wazazi walikuwa wametangulia. Ndivyo ilivyokuwa: mmoja anatangulia, kisha anawavuta wengine. Usiku wa kuamkia safari jamaa walikesha na anayeondoka kama watu walio matangani, kwa sababu wengi wao hawakuonana tena.

Mwaka 1911 kisiwa kile kilikuwa na watu takriban milioni 4.4 tu. Njaa ilikuwa imekwisha zamani, lakini watu waliendelea kuondoka, na nauli ya wengi ilitoka kwenye barua zilezile. Siwalaumu wale mabinti. Mtu anayefua nguo za wengine hawezi, kwa mshahara wake peke yake, kuleta kazi kijijini. Anaweza kumtoa ndugu yake. Huko ugenini waliunda vyama vya watu wa kaunti moja, vikawazika wanachama, vikawatunza wagonjwa, vikawatafutia wageni kazi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Ni sisi kabisa.

Bibi yangu, hapa kwetu Upareni, alikuwa na kopo la majani ya chai lililojaa barua za babu kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga. Fedha za barua zile zilimsomesha baba mdogo. Baba mdogo akaenda Dar es Salaam, akawachukua wadogo zake. Leo nyumba ile ina kufuli. Bibi alipofariki, barua zilichomwa pamoja na takataka, na mimi nilikuwepo.

Madarasa yetu yaliyojengwa kwa msaragambo yapo, kila mtu anayaona. Ila majina ya waliobeba mawe, na ya waliotuma fedha kutoka mkongeni na mijini, yamo kwenye madaftari ya watunza hazina wa zamani, na mengine yameliwa na mchwa. Mwenye daftari, barua au stakabadhi ya namna hiyo nyumbani, tafadhali asiichome. Aje nayo siku ya harambee. Tutaipiga picha palepale mezani na kumrudishia mkononi, kisha tutaandika jina la aliyetuma, mahali alipokuwa akifanya kazi, na kilichofanyika kwa fedha yake.