Nasaba ya Hirola

Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, alipanda na Mto Tana kutoka pwani hadi mbali bara. Upande wa mashariki wa mto, katika nyika ambayo leo wenyeji wake ni wafugaji wa Garissa, alipiga risasi swala ambaye hakuwa amemwona popote. Pembe zilikuwa ndefu, zenye pingili, zimepinda kama za swala pala. Mwili ulikuwa mwembamba na mabega yamenyanyuka, kama wa kongoni. Mstari mweupe uliunganisha jicho na jicho kupitia kipaji cha uso, na chini ya kila jicho palikuwa na tezi kubwa iliyotuna.

Wenye nchi hawakuwa na la kushangaa. Wasomali waliochunga ng'ombe kwenye nyasi zilezile walimjua, Waorma walimjua, Wapokomo wa kando ya mto walimjua, na Waboni wa misitu ya kuelekea Lamu walijua hata nyayo zake. Swala huyo, hirola, alikuwa mgeni London tu, na huko ndiko ngozi na pembe zake zilikopelekwa ili apatiwe nafasi katika daftari la viumbe.

Daftari hilo lilikuwa na mpangilio uliowekwa na Msweden Carl Linnaeus katika karne ya 18, na toleo lake la mwaka 1758 ndilo wataalamu wa wanyama wanaloanzia kuhesabu majina hadi leo. Kila kiumbe hupewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, na la pili ni la spishi yenyewe. Jenasi kadhaa hufanya familia, familia kadhaa hufanya oda, na kuendelea juu hadi himaya nzima ya wanyama. Mtoto wa Kisomali aliyefunzwa kutaja baba, babu na baba wa babu mpaka kwa mzee wa ukoo asingepata taabu kuielewa hesabu hii. Shida yake ni moja: wanyama hawasemi baba yao ni nani, kwa hiyo mtaalamu hulazimika kukisia kutokana na meno, pembe, fuvu na kwato.

Aliyemkisia hirola ni Philip Lutley Sclater, katibu wa Jumuiya ya Zoolojia ya London. Mwaka 1889 alichapisha maelezo yake na kumpa jina la spishi hunteri, kwa heshima ya mwindaji. Sclater alikuwa mjuzi, lakini kazi ya kupanga viumbe kwa vipande vya ngozi ilimponyoka zaidi ya mara moja. Aliletewa mikanda ya ngozi yenye milia kutoka misitu ya Kongo, na mwaka 1901 akamwandika mwenye ngozi hiyo kuwa aina ya punda milia. Mwaka huohuo, fuvu lilipofika, ikajulikana kwamba ni okapi, ndugu wa twiga. Ngozi ya okapi ilisema jambo moja na mifupa yake ikasema lingine, na hirola naye alikuwa na kesi ya namna hiyo.

Mwaka 1912 Edmund Heller, Mmarekani aliyekuwa amezunguka Afrika Mashariki na msafara wa Theodore Roosevelt miaka ya 1909 na 1910, aliona kwamba hirola hakai vizuri miongoni mwa nyamera wala kongoni. Akamfungulia jenasi yake mwenyewe, Beatragus. Wengi hawakumfuata. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vilimrudisha kwenye jenasi ya nyamera, Damaliscus, na baadhi ya waandishi wakamshusha daraja zaidi, wakamhesabu kuwa nususpishi tu ya nyamera.

Kwa msomaji wa kawaida haya yanaweza kuonekana kuwa ugomvi wa makabati ya makumbusho. Mimi naona yalikuwa na uzito nje ya makabati. Nyamera wako kwa maelfu Serengeti na Maasai Mara. Hirola akiwa nyamera wa Garissa, kupotea kwake ni hasara ya mkoa mmoja. Akiwa na jenasi yake, hakuna mwingine wa kubaki akiishikilia.

Serikali haikungoja wataalamu wakubaliane. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Idara ya Wanyamapori ilikamata hirola kadhaa na kuwahamishia Tsavo Mashariki, nje ya nchi yao ya asili. Katikati ya miaka ya 1970 hifadhi ya Arawale, yenye kilomita za mraba 533, ikatengwa kusini mwa mji wa Garissa kwa ajili yao hasa. Wakati huo hesabu zilizofanywa kutoka angani zilikadiria zaidi ya hirola 10,000 kati ya Tana na mpaka wa Somalia.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu ulikuwa umeingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, karibu wakati uleule Hunter alipokuwa Tana, ukateremka hadi kusini mwa bara ukiua ng'ombe, nyati na swala. Haukuwahi kuondoka kabisa katika nyika ya Wasomali. Kati ya 1983 na 1985, ukiandamana na ukame, ulipita katika nchi ya hirola na kuwapunguza kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 85 au zaidi.

Hapa sayansi ya kupanga viumbe ilijidhihirisha bila kitabu. Hirola, ng'ombe, mbuzi na kondoo ni familia moja, Bovidae, na katika nyika ya Ijara, humohumo Garissa, hirola hupenda kula karibu na ng'ombe, penye nyasi fupi. Virusi vya sotoka havikuona mpaka kati ya mnyama wa boma na wa porini. Ngamia, aliye wa familia nyingine ijapokuwa naye anacheua, aliweza kuambukizwa lakini mara chache aliugua. Hata virusi vyenyewe vina nasaba: ndugu yao wa karibu ni surua, ugonjwa wa watoto wetu.

Na je, virusi ni kiumbe hai? Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukaririshwa sifa za uhai: kula, kupumua, kukua, kwenda, kuhisi, kutoa taka mwilini na kuzaana. Sotoka haikula, haikupumua, haikukua. Ilijua kitu kimoja tu katika orodha hiyo, kuzaana, na hicho pia ndani ya seli za mwingine. Haikupata hata nafasi katika himaya yoyote ya Linnaeus, ilhali ndiyo iliyobadilisha idadi ya wanyama wa Garissa kuliko bunduki zote za wawindaji. Mara ya mwisho ilithibitishwa mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, si mbali na Garissa. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru nayo, ugonjwa wa kwanza wa mifugo kutokomezwa kabisa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 hirola waliobaki hawakuzidi elfu mbili. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaamua mwaka 1996 kuwahamishia wengine Tsavo, mbali na ujangili na vurugu zilizofuata kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991. Hirola 29 walifikishwa huko. Wakazi wa Garissa hawakukubali: mnyama huyu ni wa nchi hii, walisema, na wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikawasikiliza. Sheria, ilieleza, ililipatia shirika kazi ya kuhifadhi wanyama katika mazingira yao ya asili, wala haikulipatia ruhusa ya kuwahamisha. Uhamishaji ukazuiwa. Ni nadra kumsikia mfugaji akiishtaki serikali kwa sababu inamchukulia swala wake, na kesi hii ingestahili kusomwa katika kila darasa la uraia nchini.

Mwaka huohuo, katika maabara, kromosomu za hirola zilihesabiwa: 44. Kongoni ana 40 na nyamera 36. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata ukaonyesha kwamba hirola alijitenga na ndugu zake zamani sana, na jina la Heller, lililokuwa limelala tangu 1912, likarudi vitabuni. Visukuku vilikuwa vimetoa ushahidi kabla ya hapo: huko Olduvai, Tanzania, Louis Leakey alikuwa ameeleza mwaka 1965 mnyama wa kale aliyemwita Beatragus antiquus, mkubwa kuliko hirola wa sasa. Ukoo huu uliwahi kuwa na watu na nchi pana. Amebaki hirola peke yake. Akitoweka, itakuwa mara ya kwanza katika historia ya sasa jenasi nzima ya mamalia kufutika katika Afrika bara.

Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Huko Ijara jamii ilianzisha hifadhi yake ya Ishaqbini, na mwaka 2012 sehemu yake ikazungushiwa uzio wa kuzuia simba, fisi na mbwa mwitu, hirola 48 wakaingizwa ndani. Humo wamezaana vizuri. Nje ya uzio mambo ni mazito zaidi, na sababu yake si wanyama wakali peke yao. Abdullahi Ali, mwanasayansi mzaliwa wa Garissa anayeongoza mradi wa kuhifadhi hirola, aliona pamoja na wenzake katika picha za satelaiti kwamba tangu 1985 miti imeenea zaidi ya mara mbili katika nchi ya hirola, na nyasi zimerudi nyuma. Tembo waliokuwa wakiivunja miti hiyo waliuawa kwa ajili ya pembe zao katika miaka ya 1970 na 1980, na mifugo ikamaliza nyasi ambazo zingebeba moto wa kuizuia. Sasa wafugaji wenyewe hukata miti na kupanda mbegu za nyasi, kazi ambayo tembo waliifanya bila kulipwa, na nyasi zinapoota ng'ombe hula pamoja na hirola.