Kuteleza Si Kuanguka: Neno la Kiswahili kwa Bawa Linaloachia

Hapa Bunia, Kongo, ndege tunaiita ndeke, na injini tunaiita motere. Pikipiki ikigoma barabarani twasema motere imekufa, au iko na pane, na kila mtu anaelewa. Kwa ndege, maneno hayo hayatoshi. Ndegeni kuna vitu viwili vinavyoweza kufa, injini na bawa, na kila kimoja hufa kivyake. Rubani wa ndege nyepesi sana, ile inayojulikana kwa Kifaransa kama ULM, akizimikiwa na injini mita 50 juu ya ardhi, uhai wake unategemea kutovichanganya vifo hivyo.

Lugha zilizotuletea elimu ya urubani hazikulishughulikia jambo hili kwa namna moja. Kiingereza kina neno moja, "stall", kwa gari linalozimika na kwa bawa linaloacha kubeba. Mwanafunzi akilitafsiri kwa "kuzima", tayari amepotoka. Kifaransa, kinachosikika katika viwanja vya ndege vya Kongo, kina maneno mawili: injini ikizimika kwa kuelemewa hutumika "caler", na bawa likiacha kubeba hutumika "décrocher", yaani kutoka kwenye ndoano. Tofauti hiyo ndiyo kinayoihitaji Kiswahili.

Tuanze na kitu chenyewe. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia. Maadamu linaikabili hewa hiyo kwa pembe ndogo, hewa hufuata mgongo wake vizuri na bawa hunyanyuka. Rubani akiinua pua kupita kiasi, pembe ikafika nyuzi 15 hivi, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo. Hubanduka, huvurugika, na nguvu ya kunyanyua huporomoka papo hapo. Katika maelezo yote haya injini haijatajwa, kwa sababu haimo.

Ushahidi wa kale ni Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka mara nyingi kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, bila injini yoyote. Tarehe 9 Agosti 1896 bawa lake liliacha kubeba, akaanguka kutoka mita 15 hivi, akafariki kesho yake. Hakukuwa na cha kuzima. Lililomwangusha ni bawa.

Mfano wa pili unatoka kwetu Afrika Mashariki. Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kujifunza urubani huko, aliondoka Uingereza Septemba 1936 kuvuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Baada ya saa zaidi ya 20, barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi, mafuta hayakufika, injini ikazima. Aliishusha ndege kwenye kinamasi cha Cape Breton nchini Kanada. Pua ilichomeka matopeni, naye akatoka hai, na jeraha kichwani. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ndege iliyozimikiwa na injini bado inateleza juu ya hewa. Huanguka pale bawa linapoacha kazi.

Basi tuliite nini tukio hilo la bawa? "Kuanguka" ni matokeo, si tukio lenyewe. "Kukwama" hakufai, maana bawa halikukwama popote. Kuandika "stoli" ni kuleta sauti bila maana. Mimi napendekeza kitenzi kilichomo tayari vinywani mwetu: kuachia. Mkono ulioshika tawi huachia. Kamba iliyofungwa vibaya huachia. Vivyo hivyo bawa lililokuwa limeishika hewa huachia. Neno hili lina jambo ambalo "kuzima" halina: aliyeachia anaweza kushika tena. Punguza pembe, teremsha pua, na bawa litaishika hewa upya, mradi chini yako kuna nafasi. Istilahi nzuri huzaa, na hii inazaa: kasi ya kuachia, pembe ya kuachia, king'ora cha kuachia. Nomino yake iwe mwachio.

Sasa turudi kwenye zile mita 50. ULM ina uzito mdogo, na waya, mirija na kitambaa chake huburuza hewa sana. Injini ikinyamaza wakati wa kupaa, pua ingali juu, kasi hupotea ndani ya sekunde mbili tatu. ULM nyingi huteleza kama mita sita mbele kwa kila mita moja zinayoshuka. Kwa hiyo mita 50 zinampa rubani takriban mita 300, safari ya sekunde zisizozidi 15. Kazi ya kwanza ni pua chini, hapohapo, kabla ya kuuliza kilichoharibika. Ya pili ni kuchagua mahali pa kutua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Kufunga mafuta na kuzima umeme kunafuata, muda ukiruhusu.

Kinachoua ni tamaa ya kurudi uwanjani. Kurudi kunataka kona kali, na kona hupandisha kasi ya kuachia. ULM inayoachia kwa kilomita 60 kwa saa ikiruka bila kulazwa, huachia kwa 71 ikilazwa nyuzi 45, na kwa 85 ikilazwa nyuzi 60. Rubani anakata kona, anaiona ardhi ikimjia, anavuta pua juu kwa hofu, na bawa linaachia mahali pasipo na nafasi ya kushika tena.

Bunia inaongeza ugumu wake. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, na joto la mchana huzidisha hasara. Ndege hupaa polepole, ikikaa muda mrefu zaidi katika kimo cha hatari. Mashariki ardhi hushuka ghafla kuelekea Ziwa Albert, lililo kwenye kimo cha karibu mita 620 tu. Magharibi unaanza msitu wa Ituri. Hata ndege za injini moja zinazohudumia vijiji vya mkoa huu zinatawaliwa na sheria hizi hizi. Rubani wa hapa achague shamba lake la mihogo au mbuga yake ya nyasi kabla ya kuondoka ardhini.

Neno moja la mwisho linahusu amri. Katika ULM yenye usukani wa kawaida, kuteremsha pua ni kusukuma usukani mbele. Katika ile ya kuning'inia chini ya bawa la kitambaa, ni kuvuta mpini kifuani. Mwalimu anayepaza sauti "Sukuma!" anaweza kumponya mwanafunzi mmoja na kumuua mwingine. Amri ya Kiswahili itaje ndege, isitaje mkono: "Pua chini!"

Nawasihi walimu wa urubani wanaosema Kiswahili, kuanzia Ituri hadi pwani, wamwagize kila mwanafunzi atamke haya kabla ya kupaa: injini ikizima, bawa bado lipo, pua chini, natua mbele, silifanyi bawa liachie.