Kabla Hujapanda Ndege, Uliza: Huyu ni Mtoto wa Nani?

Mtoto akipita kijijini, mzee yeyote atakayekutana naye ana swali moja: "Wewe ni mtoto wa nani?" Anataka kujua nyumba yao iko wapi, ndiyo ikitokea shida ajue pa kumpeleka. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali ambalo safari za kidini za kwenda kuhudumia watoto ng'ambo zimekuwa zikiliruka miaka nenda miaka rudi. Na wanaolipia ni watoto.

Cheki vile watu hujiandaa. Pasipoti, viza, sindano ya homa ya manjano, michango, T-shati za rangi moja, nyimbo mbili tatu za kuimba na watoto, halafu maombi ya usiku kucha. Yote hayo ni ya msafiri. Ya mtoto ni peremende na picha. Na siku hizi si wazungu peke yao. Kuna wasee wetu pia wanachangisha kwa M-Pesa waende misheni nje ya nchi. Kwa hivyo hii stori inatuhusu pande zote mbili, wanaopokea wageni na wanaosafiri.

Tuanzie Mombasa. Ukishuka matatu pale Kengeleni, jua hilo jina limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha mwaka 1875. Miaka miwili kabla ya hapo, Sir Bartle Frere alikuwa ametumwa Zanzibar kumshinikiza Sultan Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Meli za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi na kukuta watoto ndani, wengi wametekwa mbali sana bara. Hapo awali baadhi yao walipelekwa hadi India, wakasomeshwa na wamisionari karibu na mji wa Nashik, wakafunzwa uhunzi na useremala, wakabatizwa majina mapya. Wengine walirudi wakiwa watu wazima wakajenga Rabai na Frere Town. William Jones na Ishmael Semler walitoka katika kundi hilo, na mwaka 1885 wakawekwa wakfu kuwa mashemasi.

Sasa hapa ndipo naomba uwe makini. Mtoto wa Frere Town ukimwuliza ni wa nani, mara nyingi hakukuwa na jibu la kukusaidia kumrudisha. Kijiji chake kilikuwa mbali, pengine kilishachomwa, na njia ya kurudi ilikuwa imejaa watekaji walewale. Kumweka pamoja na wenzake, kumlisha na kumfunza kazi, lilikuwa jambo la maana. Nyumba ya watoto wasio na kwao ilijengwa kwa sababu kweli watoto wenyewe walikuwa wamekatwa kutoka kwao.

Shida ni kwamba utumwa ulikwisha, lakini ile picha ilibaki: mtoto Mwafrika ni yatima, na mgeni ndiye mzazi. Halafu usafiri ukawa rahisi. Mwaka 1960 Mmarekani Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission, wazo likiwa vijana waende misheni hata kwa muda mfupi. Safari ambayo kwa mmisionari wa zamani ilikuwa ya maisha, na wengi walizikwa hukuhuku, ikawa ya wiki mbili wakati shule zimefungwa.

Romania ilipaswa kutufunza. Nicolae Ceaușescu alipopinduliwa Desemba 1989, dunia iliona maelfu kwa maelfu ya watoto wamefungiwa kwenye makao ya serikali, wengi wao wakiwa na wazazi hai ambao umaskini na sheria kali za uzazi ziliwashinda. Watu wa makanisa walimiminika huko na nguo na chakula. Baadaye watafiti wa Marekani walifuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, wengine wakapelekwa kulelewa katika familia. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, kiakili na kihisia, hasa wale waliotolewa mapema. Kumbe kilichokosekana sana hakikuwa rangi ukutani. Ni mtu mmoja wa kudumu anayemjua huyo mtoto.

Twende Haiti. Tetemeko lilipiga tarehe 12 Januari 2010. Kabla mwezi haujaisha, Wamarekani 10, wengi wao Wabaptisti kutoka Idaho, walikamatwa mpakani wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi. Walisema wanaokoa mayatima. Ukweli ukatoka kwamba wengi wa hao watoto walikuwa na wazazi hai. Kuna wazazi waliowatoa wenyewe, kwa sababu waliahidiwa masomo na maisha mazuri. Manze, hebu fikiria. Nyumba imebomoka, huna kitu, mgeni anakuja na Biblia anakuambia mtoto wako atasoma. Utakataa? Watu hao walikuwa wamejiandaa kwa maombi na basi. Swali la mzee wa kijiji hawakulifuatilia hadi mwisho. Ni huyo mzazi aliyehitaji kusaidiwa, na mtoto angebaki kwake.

Na kwetu je? Mwaka 2014 kijana wa miaka 19 kutoka Oklahoma alikuja kujitolea katika makao ya watoto hapa Nairobi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa hapo. Sisemi kila anayejitolea ni mtu mbaya, wengi wana roho safi kabisa. Lakini mtoto hawezi kusoma roho ya mgeni, na mlango ukiwa wazi kwa kila mtu mwenye T-shati ya kanisa, uko wazi pia kwa huyo mmoja.

Serikali yetu imeanza kuona. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia: kwa wazazi, kwa nyanya na shangazi, kwa familia za kulea, na kwa kafala ya Kiislamu, ambapo mtoto analelewa na familia nyingine bila kupoteza jina la babake. Linganisha hilo na wale waliopewa majina mapya Nashik.

Basi unayejiandaa kusafiri, ongeza haya kwenye orodha yako. Uliza wanakokupeleka: watoto wangapi hapa wana mzazi au jamaa aliye hai, na mnafanya nini warudi kwao? Wakikosa jibu, usiende. Omba cheti cha tabia njema kabla hujaombwa, na ukiona hakuna anayekujali na hicho cheti, hiyo ni alama mbaya. Usikubali kuwa mama au baba wa wiki mbili. Kama una ufundi, mfunze mlezi ambaye atabaki. Usipige picha ya mtoto ambayo usingetaka mdogo wako apigwe. Na piga hesabu ya nauli yako, uone ingelipa karo na kodi ya nyumba ya mama mmoja kwa muda gani.

Mstari unaopendwa kwenye hizo T-shati ni Yakobo 1:27. Usome tena polepole. Unataja mayatima, halafu papo hapo unataja wajane. Mjane ndiye mama wa huyo mtoto tunayemwita yatima. Kwa nini tunapanda ndege kwenda kwa mtoto, tunampita mamake mlangoni?