Lishe na afya ya kwato za kondoo

Afya ya kwato za kondoo ni uzima wa sehemu ngumu ya mguu ambayo kondoo huikanyagia. Kondoo mwenye kwato mbovu huchechemea, hushindwa kufuata wenzake malishoni, hukonda, na jike anayenyonyesha hupungukiwa maziwa. Afya hiyo hutegemea mambo matatu makuu: chakula, ukavu wa mahali anapokaa na kinga dhidi ya vimelea.

Muundo

Kila mguu wa kondoo una vidole viwili, na kila kidole kimefunikwa na ukwato. Ganda la nje limeundwa na keratini, protini ileile inayopatikana katika sufu na pembe. Chini ya ganda kuna tabaka hai lenye mishipa ya damu na neva, ambalo hulisha ukwato. Ukwato hukua milimita chache kila mwezi, hivyo kasoro ya lishe huweza kuonekana kwenye ganda baada ya wiki au miezi kadhaa.

Virutubishi muhimu

* Protini na sulfuri: keratini ina asidi amino zenye sulfuri kwa wingi. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo huzitengeneza iwapo chakula kina nitrojeni na sulfuri ya kutosha.
* Zinki: huhitajika katika kujenga keratini na kuponya vidonda. Kondoo anayekosa zinki hupoteza sufu, na ngozi yake hukakamaa na kupasuka, hasa kuzunguka kwato. Kalsiamu nyingi mno katika chakula hupunguza ufyonzaji wa zinki.
* Biotini: ni vitamini ya kundi B ambayo kwa kawaida hutengenezwa na vijidudu vya tumboni.
* Shaba: huhitajika kwa kiasi kidogo sana.

Hatari ya shaba

Kondoo hudhuriwa na shaba kwa urahisi kuliko ng'ombe. Shaba ya ziada hulimbikizana katika ini kwa wiki au miezi bila dalili yoyote, kisha humwagika ghafla katika damu na kupasua chembe nyekundu. Mnyama hupata manjano, hukojoa mkojo mwekundu au wa kahawia, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo kondoo hawapaswi kupewa chakula cha kiwandani wala mawe ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe au kuku.

Nafaka na uvimbe wa kwato

Kondoo akila nafaka nyingi kwa mara moja, kwa mfano mahindi au ngano, wanga huchachuka haraka na asidi huongezeka tumboni. Akinusurika, huweza kupata uvimbe katika tabaka hai la ukwato: miguu huwa na joto, hutembea kwa shida, na baadaye kwato huota zikiwa zimepinda. Kinga yake ni kuongeza nafaka kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili au zaidi na kuhakikisha nyasi hazikosekani.

Kuoza kwato

Huu ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria Dichelobacter nodosus, ambaye alielezwa na W. I. B. Beveridge nchini Australia mwaka 1941. Unyevu hulainisha ngozi kati ya vidole, na bakteria mwingine, Fusobacterium necrophorum, husaidia kuidhoofisha. Kisha D. nodosus hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha keratini, na ganda hubanduka likitoa harufu mbaya. Kondoo wengine hupiga magoti ili wale. Lishe bora haizuii wala haitibu maambukizi haya, ingawa husaidia ukwato kuota upya.

Matibabu na kinga

Mgonjwa hutengwa na hupewa antibiotiki kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Kukata kwato mpaka zitoke damu huchelewesha kupona. Josho la miguu lenye salfeti ya zinki ya asilimia 10 hutumika pia: kondoo hunyweshwa maji kwanza ili wasinywe dawa, husimama ndani yake kwa dakika kadhaa, kisha huachwa wakauke mahali pakavu. Salfeti ya shaba haifai sana, kwa kuwa kondoo akiinywa au akila nyasi zilizomwagikiwa huweza kudhurika.

Nje ya ukwato bakteria huyo hufa kwa kawaida katika muda wa wiki mbili. Kwa hiyo malisho yaliyopumzishwa muda huo huhesabiwa kuwa salama, na kondoo wapya hutengwa na kukaguliwa kabla ya kuchanganywa na kundi.

Kuchechemea huweza pia kutokana na ugonjwa wa miguu na midomo. Kondoo wengi wakichechemea ghafla wakiwa na homa au malengelenge mdomoni, mamlaka ya mifugo inapaswa kuarifiwa mara moja.

Tazama pia

* Kondoo
* Ufugaji
* Ugonjwa wa miguu na midomo