Shaba ya wazee, waya ya leo



Katika kikao kilichopita, wamama waliorudi kutoka Zambia waliomba mkopo wa kununua nyundo, koleo na tupa. Wanatengeneza bangili na heleni kwa waya ya shaba inayotolewa ndani ya mota zilizokufa, na taa za meza kwa makopo. Baba mmoja akawajibu: «Bangili haijenge nyumba. Hiyo ni kazi ya takataka.» Kikao kikaisha bila uamuzi. Njo maana ninaandika, juu ya historia ya Katanga inasema kitu kingine.

Kule Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, wachimbuzi walianza kufungua makaburi ya zamani mwaka wa 1957. Walikuta wafu wamezikwa na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya nyuma zaidi kulikuwa misalaba ya shaba, na kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ikawa midogo, ya kipimo kimoja. Ilikuwa imegeuka feza. Kwa wazee wetu, pambo na akiba vilikaa nyumba moja.

Wakati wa Msiri pale Bunkeya, kabla hajauawa mwaka wa 1891, wahunzi Wayeke waliyeyusha malakiti kwa makaa, ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu. Walivuta shaba mpaka ikawa waya nyembamba, wakaizungusha juu ya nyuzi za mimea, ikawa bangili. Udongo wa mchwa, makaa, nyuzi: hakuna kitu kilichotoka mbali.

Kisha Union Minière ikaundwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikamiminwa Lubumbashi. Tangu hapo shaba yetu inaondoka, na inaturudilia ndani ya mashini. Mama anayefungua mota iliyokufa anachimba mgodi wa pili.

Lakini sisemi tukubali yote. Naomba masharti matatu. Kwanza, kila waya ijulikane imetoka wapi, na fundi aliyeiuza aandike karatasi, sababu kuna watu wanaokata kable za umeme na kuacha mtaa mzima gizani. Pili, waya isichomwe kwa moto ili kuondoa plastiki. Moshi wake ni sumu kwa watoto. Ikwanguliwe kwa kisu. Tatu, vyuma vya kuokota visiyeyushwe kwa kutengeneza sufuria wala sahani, juu ya vinaweza kuwa na risasi ndani. Taa, sawa. Chakula, hapana.

Tuliporudi, wengi wetu tulikuta nyumba zimeanguka na mashamba yana wenyewe wengine. Mwenye shamba anangoja mavuno. Asiye na shamba anangoja nini? Bangili moja haijengi nyumba, ni kweli. Lakini hata tofali moja haijengi.

Katika kikao kinachokuja, tupige kura.