Uchaguzi Unafanyika Wapi? Hoja juu ya Majimbo ya Ubunge ya Mkoa wa Mwanza

Mkoa wa Mwanza una majimbo tisa ya ubunge, na mtu anayeyatazama kutoka Magu, kwenye barabara kuu iendayo Musoma, huyaona hayafanani kwa ardhi wala kwa maisha: Nyamagana na Ilemela ni mji, na biashara, na viwanda vya minofu ya samaki, Ukerewe ni visiwa, Sengerema na Buchosa yako ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Misungwi, Kwimba na Sumve ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na Magu yenyewe ina wavuvi katika Ghuba ya Speke na wakulima ndani hadi bonde la mto Simiyu. Kila uchaguzi mkuu ukisha, waandishi na wasomi huyahesabu majimbo haya kwa vyama, wakauliza kiti gani kimekwenda kwa nani, kisha wakatoa hukumu juu ya demokrasia ya nchi kwa hesabu hiyo. Swali lao si la upuuzi, lakini limetanguliwa na jingine lililo zito zaidi, ambalo aghalabu haliulizwi: ikhtiari ya nani awe mbunge ilifanyika wapi, mbele ya watu wangapi, na je, mwananchi asiye na kadi ya chama chochote aliikuta ingali wazi alipofika kituoni? Nitajaribu kuonyesha kwamba uwezo wa raia wa kumwondoa mbunge wake haukutegemea wingi wa vyama peke yake, bali ulitegemea zaidi mahali ambapo mchujo wa mwisho ulifanyika. Na kwamba historia ya mkoa huu inatupa burhani ya jambo hilo kuliko nadharia yoyote.

Mwanzo ulikuwa mwembamba. Serikali ya kikoloni iliizuia TANU isifanye kazi Usukumani tangu 1954 hadi 1958, na uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura, ambaye alipaswa kwanza kutimiza masharti ya elimu, mapato au cheo, apige kura tatu kwa mkupuo: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulipanua haki ya kura, lakini katika viti 71 wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa, na kiti kimoja tu kiliiponyoka TANU, nacho ni cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU yenyewe, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi akamshinda. Kisa hicho cha Mbulu kilistahili kuzingatiwa kuliko kilivyozingatiwa, maana kilidhihirisha kwamba wananchi walikuwa tayari kukipenda chama na kumkataa mtu kiliyemteua.

Ni mwaka 1965 ambao unastahili tuukalie kitako. Katika karibu majimbo yote 107 ya Tanzania Bara, kwa mujibu wa katiba mpya ya chama kimoja, mkutano mkuu wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikawateua wawili, na hao wawili wakapelekwa mbele ya raia wote walioandikishwa, wenye kadi na wasio na kadi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Walisafiri pamoja na kuhutubia mikutano ile ile iliyoandaliwa na chama. Walikatazwa kutaja kabila, rangi au dini kama sababu ya kuchaguliwa. Hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anampendelea. Na walitakiwa kusema Kiswahili tu. Sharti hili la mwisho halikuwa jambo dogo huku kwetu, ambako mzee wa Kahangara au wa Nyanguge alikuwa akihojiana na wenziwe kwa Kisukuma tangu alfajiri hadi magharibi, na ambako mgombea mwenye ufasaha wa Kisukuma alinyimwa silaha yake kubwa. Hata hivyo sharti hilo liliwafanya wagombea wapimwe kwa mizani moja, na sioni kwamba raia walipata hasara kwalo.

Matokeo yalikuwa mazito. Paul Bomani, mtu aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika tangu miaka ya mwanzo ya hamsini, akauongoza muungano wa Victoria Federation uliokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza kwake. Hakuangushwa na chama cha upinzani, maana hakikuwapo. Aliangushwa na raia waliopewa mtu wa pili wa kumlinganisha naye. Rais alimrejesha bungeni kwa uteuzi na kumpa wizara ya mipango ya maendeleo, na baadaye akawa balozi Washington kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo taifa halikuipoteza akili yake. Lakini hukumu ya jimbo ilikuwa imekwisha kutolewa, na mwaka uliofuata serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, dalili ya kutosha kwamba manung'uniko ya wakulima hayakuwa ya kubuni.

Nisifahamike vibaya. Utaratibu ule ulikuwa na taksiri yake, nayo ni kubwa: raia aliweza kumwondoa waziri lakini hakuweza kuiondoa siasa aliyoitumikia, kwa kuwa jembe na nyumba zote mbili zilitoka katika ghala moja, na mgombea aliyethubutu kuipinga itikadi yenyewe asingefika kwenye meza ya Halmashauri Kuu, sembuse kwenye karatasi ya kura. Mtu anayeutamani mwaka 1965 bila kuukumbuka upande huu anautamani nusu tu.

Vyama vingi viliporudi kisheria Julai 1992, ilidhaniwa kwamba sasa raia angepata yote mawili, kuchagua mtu na kuchagua siasa. Mwaka 2010 dhana hiyo ilipata ushahidi wake mkubwa mwambaoni mwa ziwa: Nyamagana ilimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, ikamchagua Ezekia Wenje, Ilemela ikamwacha Anthony Diallo na kumchagua Highness Kiwia, na Ukerewe, kiti kilichokuwa kimeshikwa kwa miaka kumi na Gertrude Mongella, Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, kikaenda kwa Salvatory Machemli, washindi wote watatu wakiwa wa CHADEMA. Mwaka 2015 mji ukarudi CCM, Stanslaus Mabula akishika Nyamagana na Angeline Mabula Ilemela, ilhali Ukerewe ilibadili mtu bila kubadili chama, ikamleta Joseph Mkundi.

Lakini tazama majimbo mengine sita. Magu ilitoka kwa Festus Limbu ikaenda kwa Boniventura Kiswaga mwaka 2015, wote wawili wa CCM. Mwaka 2020, ukiiacha Sumve ambayo mbunge wake wa miaka mingi, Richard Ndassa, alikuwa amefariki, majimbo ya Sengerema, Buchosa na Misungwi yalipata wabunge wapya, na chama kikabaki kile kile. Katika majimbo ya namna hii swali la nani awe mbunge hupata jawabu lake Julai au Agosti, katika kura za maoni na katika vikao vinavyofuata, na Oktoba inapofika raia huombwa kuidhinisha jambo lililokwisha kuamuliwa. Ndipo mtu anapopaswa kuuliza ni nani walioamua. Mwaka 2010 CCM iliwafungulia kura hizo wanachama wake wote. Mwaka 2020 ilizirudisha kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, watu mamia tu katika jimbo la watu laki kadhaa, kisha vikao vya juu vikawapita katika sehemu nyingi wale walioongoza kwa kura za wajumbe. Mkoa ulikuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya 2022, yaani wastani wa watu kama 411,000 kwa jimbo. Nyamagana peke yake ina karibu 595,000, ilhali Kwimba na Sumve zinaigawana wilaya yenye watu wapatao 480,000. Huo nao ni upungufu wa insafu, lakini ni mdogo ukilinganishwa na ule wa mamia kuamua kwa niaba ya malaki. Na pale ambapo hata Oktoba hakuna mshindani, kama ilivyokuwa katika majimbo zaidi ya ishirini nchini mwaka 2020, tumerudi 1960 kwa njia ndefu. Mwaka 2025, CHADEMA ikiwa nje ya uchaguzi, mchujo wa ndani wa chama tawala ulizidi kuwa ndio uchaguzi wenyewe.

Wamarekani walikutana na tatizo hili mapema, kwa sababu wao pia wana wilaya nyingi za uchaguzi ambamo chama kimoja hakishindwi. Wisconsin, kwa sheria ya 1903 iliyopiganiwa na gavana Robert La Follette na kutumika mara ya kwanza 1906, iliwanyang'anya wajumbe wa mikutano ya vyama kazi ya kuteua wagombea, ikawapa wapiga kura wote, chini ya usimamizi wa serikali na kwa siri. California ilikwenda mbali zaidi: tangu 2012 wagombea wote wa Bunge la Wawakilishi, wa vyama vyote, hushindana katika duru moja ya kwanza, na wawili wanaoongoza huendelea hadi Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Mwaka huo huo wa kwanza Pete Stark, aliyekaa bungeni tangu 1973 na aliyeongoza katika duru ya Juni, aliangushwa Novemba na Eric Swalwell, Mdemokrati mwenzake, raia wa vyama vyote walipopewa nafasi ya kuwalinganisha wawili hao. Msomaji wa Mwanza hahitaji kuelezwa jambo hilo linafanana na nini: ni jembe na nyumba, baada ya miaka 47, katika nchi ambayo yamkini hakuna aliyewahi kuzisikia.

Hata hivyo sipendekezi tuifuate California. Katika Magu ya leo wawili wa juu wangekuwa aghalabu wa chama kimoja, na taksiri ya 1965 ingejirudia: raia angeamua mtu na kunyimwa siasa, na kampeni ya Oktoba ingepita bila sauti ya upinzani kusikika Kisesa wala Lugeye. Njia ya Wisconsin ni bora kwetu: kila chama kitoe wagombea wake, Tume ya Uchaguzi iisimamie kura ya mchujo siku moja nchi nzima, mpiga kura yeyote aliyeandikishwa achague kwa siri karatasi ya chama kimoja, na anayeongoza ndiye awe mgombea bila kikao chochote kuwa na mamlaka ya kumpita. Nimesikia hoja kwamba wafuasi wa chama kimoja wataingia katika mchujo wa kingine ili kukiharibia. Wapo watakaojaribu, lakini mtu ana karatasi moja tu, na akiitumia kwa wenzake amewanyima walio wake, na gharama hiyo huwazuia wengi. Hoja ya fedha ina uzito zaidi, ila na iwekwe kando ya fedha zinazotajwa kila mwaka wa kura za maoni kuwa zimepita mikononi mwa wajumbe: kuhonga mamia ni rahisi, kuhonga malaki hakuwezekani.

Marekebisho hayo yatahitaji ibara mbili za Katiba ziguswe. Ya kwanza ni ya 67, inayomtaka mgombea awe mwanachama wa chama na kupendekezwa nacho, ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ilihukumu Juni 2013 kwamba inakiuka haki ya raia kushiriki katika serikali ya nchi yake. Ya pili ni ya 71, inayomfukuza bungeni mbunge aliyekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, na ambayo ndiyo iliyomlazimu Mkundi wa Ukerewe, alipohamia CCM mwaka 2018, aachie kiti na kukirudia kwa tiketi nyingine. Katika kisa chake ibara hiyo ilitenda haki, maana aliyehama kwa hiari yake anapaswa kuwarudia waliomtuma. Lakini inamhesabu sawa naye mtu aliyevuliwa uanachama kwa kosa la kusema lisilopendeza. Wawili hao wakiendelea kuhesabiwa sawa, mbunge aliyechaguliwa na watu wote wa Magu katika duru mbili ataendelea kuweza kupoteza kiti kwa barua moja ya katibu wa chama, na wapiga kura wake wasiulizwe neno.